Redio ya Mzee Haina Ugonjwa



Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa wapo wazee waliokwisha kumlipa fundi mara mbili, mara tatu, kwa redio isiyo na ugonjwa wowote. Mchana imekoroma tu, stesheni za mbali hazipatikani. Fundi anaifungua, anapuliza vumbi, anakaa nayo hadi usiku; na usiku kweli inasema! Fundi anachukua fedha yake. Kumbe aliyeiponya ni jua lililokuchwa.

Wimbi la redio hupenda kwenda moja kwa moja, kama mwanga wa kurunzi, na dunia ni mviringo. Basi Desemba 12, 1901, Mwitaliano Marconi aliposema kwamba amepokea huko Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki, herufi moja tu iliyopigwa kutoka Uingereza, zaidi ya kilomita 3,000, wengi walitikisa vichwa. Wimbi limekipandaje kilima kile cha maji? Mwaka uliofuata Kennelly huko Marekani na Heaviside huko Uingereza, kila mmoja kwa akili yake, wakasema: yamkini juu angani kuna dari linaloyarudisha mawimbi chini.

Ushahidi ulingoja hadi Desemba 1924. Edward Appleton na mwenzake Barnett waliwaomba watu wa BBC, mjini Bournemouth, wabadilishe masafa kidogo kidogo usiku, vipindi vikiisha, nao wakasikiliza Oxford. Nguvu ya wimbi ilipanda ikashuka, na kwa kuhesabu mapando hayo wakaupima urefu wa dari: kilomita 90 hivi. Appleton alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Dari hilo hufanywa na jua. Mionzi yake mikali huzivunja chembe za hewa nyembamba ya juu, zikawa na umeme. Tabaka la chini kabisa, kati ya kilomita 60 na 90, ndilo adui wa mzee wetu: mchana huyanywa mawimbi ya masafa ya kati kama mchanga unavyokunywa maji. Jua likichwa, tabaka hilo hutoweka upesi. Lile la juu, kilomita 200 na zaidi, hubaki usiku kucha. Wimbi hulipanda, hurudishwa, hutua mbali. Mara nyingine hutua mbali mno. Ndiyo maana kwenye masafa mafupi mtu wa Ruangwa aweza kumsikia mtangazaji wa Ulaya vizuri kuliko wa Dar es Salaam: wimbi la jirani limeruka juu ya paa lake likawaangukia wengine.

Redio za FM ni habari nyingine. Mawimbi yake hulitoboa dari yakaenda zake, na huku chini huzuiwa na vilima. Fundi hawezi kukusaidia.

Marconi huyo huyo ndiye aliyemjengea Baba Mtakatifu Pius XI Redio Vatikani, iliyofunguliwa Februari 12, 1931. Nasi wa kusini dari hilo tunalifahamu kwa njia nyingine. FRELIMO walipokuwa na kambi yao hapa Nachingwea, Redio Tanzania iliwapa nafasi ya kuwatangazia ndugu zao kutoka Dar es Salaam. Mreno aliweka askari kuulinda Ruvuma. Sauti ile haikupita mtoni. Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru.

Hata pwani ya Afrika Mashariki imetumika kuichunguza anga hiyo. Aprili 26, 1967, siku moja tu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Marko, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walirusha chombo kiitwacho San Marco 2 kutoka jukwaa la chuma baharini, karibu na Malindi, Kenya. Kikaizunguka dunia juu ya ikweta, kikipima uzito wa hewa ya juu na kupeleka ishara za redio chini kupitia dari lenyewe.

Sasa, mzee, kabla hujatoa fedha, ngoja saa mbili za usiku. Kisha funga waya wa mita kumi toka dirishani hadi mwembeni, ncha ya mtini uishike kwa kamba ya nailoni, ncha nyingine uiviringishe kwenye antena. Ukiona dalili za mvua ya radi, uondoe waya mapema, kabla ngurumo hazijafika.