Mapito ya Muleba Si Njia za Panya

Neno "barabara" lina maana mbili katika Kiswahili. Ni njia pana ipitwayo na magari. Na ni sifa ya jambo lililokaa sawasawa, lisilo na kombo. Amwambiaye mwenziwe "umenena barabara" hamsifu kwa lami. Lakini wenye kupanga maendeleo wamezikunja maana hizo mbili zikawa moja: penye lami pako sawasawa, na pasipo lami hapajawa mahali. Kinjia chembamba, kipitwacho na miguu na magurudumu mawili, kimeachiwa jina la kejeli, "njia ya panya", jina lile lile wanaloziita njia za wavushao kahawa ya magendo kutoka Kagera kuingia Uganda. Hivyo mama ampelekaye mtoto kliniki na mlanguzi akwepaye ushuru wametiwa kapu moja, na aliyewatia humo si askari wala hakimu. Ni lugha.

Dharau hiyo ya maneno ina gharama, na Muleba ni mahali panapofaa kuihesabia.

Wilaya ya Muleba iko kusini mwa Bukoba, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu zaidi ya 500,000. Nchi yake ni ya migongo ya vilima iliyojipanga kulifuata ziwa, na baina ya mgongo na mgongo mna mabonde ya maji na matope. Watu wamekaa ndani ya vibanja: migomba, na chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni maharage. Nje ya vibanja ni rweya, uwanda wa majani. Barabara kuu ya lami yatoka Bukoba, yapita Kemondo na Muhutwe, yafika Muleba na kuendelea Biharamulo. Hiyo ndiyo mgeni aionayo katika ramani. Asichokiona ni wavu wa vinjia uliofumwa baina ya kibanja na kibanja, kuanzia Kamachumu hadi pande za Nshamba na Rubya, njia zilizokanyagwa na vizazi kabla injini haijafika.

Baiskeli ipitayo humo si ya matembezi. Ni chombo cha uchukuzi, kama lilivyo jahazi kwa mtu wa visiwani. Mikungu ya ndizi hufungwa pande mbili za keria na mwingine ukalazwa juu, kwa kamba za mgomba au kwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu. Mwenye baiskeli hapandi tena. Hutembea ubavuni, mkono mmoja katika usukani na wa pili nyuma ya mzigo. Mlima husukumwa. Mteremko huzuiwa kwa mwili mzima, kwani breki peke yake haiwezi.

Mtu huyo atokapo katika kinjia na kuingia lami, papo hapo hugeuka mkosaji. Basi limjialo kwa nyuma halimhesabu kuwa mwenye haki ya kupita, bali kizuizi. Honi ikilia, yeye ndiye atakiwaye kushuka mtaroni na mikungu yake. Kwa hiyo kinjia kinapokufa, kinachopotea si utulivu na ndege wake tu. Mchukuzi anasukumwa kwenda mbele ya magurudumu asiyoweza kushindana nayo.

Nacho kinakufa hatua kwa hatua. Kibanja kikigawanywa kwa warithi, kila mrithi humega mapito kwa upana wa mgomba mmoja. Pikipiki ikikizoea, tairi lake huchimba mfereji, na mvua huumalizia, nayo mvua ya Bukoba ni kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Na siku greda linapokuja kwa nia njema, kinjia hupanuliwa, huitwa barabara, na mwenye baiskeli hufukuzwa kwa mara ya pili.

Hapa hutokea mtu akasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye nafasi, wapandao baiskeli ili kupunguza matumbo. Na atazamwe basi Mzungu mwenyewe alivyofanya. Ufaransa leo husifiwa kwa njia zake za mashambani zisizo na magari, nazo zimepatikana kwa sheria, si kwa bahati. Mwaka 1836, kabla ya gari la kwanza la petroli kuzaliwa, nchi hiyo ilitunga sheria ya njia za vijiji, ikazilazimisha halmashauri za huko kuzitunza kwa kodi au kwa siku za kazi za wanakijiji wenyewe, jambo ambalo Mtanzania angelitambua mara moja kuwa ni msaragambo. Karne zikapita, reli ndogo zikafungwa, mifereji ikakosa mashua, na watu wakachukua tuta la reli na ukingo wa mfereji wakaufanya njia ya baiskeli. Mwaka 2004 kanuni za usalama barabarani za huko zikaipa njia ya aina hiyo jina lake rasmi, "njia ya kijani", na zikataja wenye haki humo: waendao kwa miguu, kwa vyombo visivyo na injini, na kwa farasi.

Tofauti iliyopo hapa inawaelemea zaidi wapinzani wa hoja hii. Vijia vingi vya Ufaransa ni kimya kwa sababu vijiji vyake vilihamwa. Watu walikwenda mijini, na magari makubwa yakaenda katika barabara kuu mpya. Vya Muleba vimejaa watu. Kimya chake ni kukosekana kwa injini tu, si kukosekana kwa maisha: humo mna salamu, mna vicheko vya wanafunzi, mna msiba upitao na harusi ipitayo. Ikiwa njia iliyobaki tupu imestahili sheria na jina, seuze hii ambayo wenyewe hawajaiacha hata siku moja?

Hoja nyingine ni ya fahari. Husemwa kwamba baiskeli ni umaskini, na kwamba taifa liendalo mbele hulipita. Wasemao hivyo wamesahau kwamba hata neno "bodaboda" walilirithi kwa baiskeli; zilizoanza kuitwa hivyo ni baiskeli zilizobeba watu na mizigo huko Busia, baina ya Kenya na Uganda, kabla ya pikipiki kulichukua jina na abiria pamoja. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliiteua tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Kama ni umaskini, basi ni umaskini uliotengewa siku.

Haki itendeke kwa pikipiki pia. Imewapa vijana wengi riziki, na usiku wa manane, mzazi ashikwapo na uchungu, imeokoa roho ambazo baiskeli isingeziokoa. Hakuna mwenye akili atakayetaka iondoke Muleba. Linalotakiwa ni dogo kuliko hilo: kwamba si kila penye upenyo pawe pake. Nyumba yenye mlango wa gari haikosi kuwa na mlango wa watu.

Kuna na wapinzani wa upande wa pili, nao ni hatari zaidi kwa kuwa hujiita marafiki. Hao ni washairi. Wao hukisifu kinjia, umande wake na kivuli cha migomba, na humwomba Mungu kisiguswe. Lakini aliyeteleza bondeni Machi, mzigo ukamwangukia, hana haja ya beti. Ana haja ya kalvati. Utulivu usio na kivuko ni kutelekezwa kwa jina tamu, na mtunzi ausifuye bila ya kudai kivuko anawasaidia wenye greda, kwa kuwa anathibitisha wanachokisema: kwamba wa kinjia ni wa zamani, na wa zamani watosheke na matope.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imezipanga njia za Tanzania kwa ngazi, kuanzia barabara kuu, zikafuata za mikoa, kisha za wilaya hadi zile za jamii vijijini. Na tangu mwaka 2017 hizo za wilaya zina wakala wake, TARURA. Mapito yaliyo baina ya vibanja viwili yamebaki nje ya hesabu. Hayakupewa daraja, kwa maana zote mbili za neno hilo: hayana cheo, wala hayana kivuko.

Hata hivyo haina haja ya kungojea Dodoma. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kijiji chaweza kuyaandika mapito yake kwa majina, kupima upana wake, kukataza mrithi asimege, kuzuia injini isipokuwa ya kumbeba mgonjwa, na kuweka siku ya msaragambo ya kuziba mifereji kabla ya masika. Vigingi havitafaa, kwa kuwa baiskeli yenye mikungu ni pana kuliko pikipiki. Kipitapo kile, na hii itapita. Kilinzi cha pekee ni neno lililoandikwa na watu waliokubaliana nalo.

Msomaji wa visiwani asidhani ya Muleba ni ya mbali. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, na sehemu kubwa ya kilichotunzwa humo ni vichochoro ambavyo gari haliwezi kuvipita. Walimwengu husafiri kuja kuvitembea kwa sababu kwao walivibomoa. Navyo leo vespa na pikipiki zinavipenya, na mzee atokaye msikitini hubana mgongo ukutani zipite. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Muleba na Mji Mkongwe wana mbacha mmoja.

Basi kazi ya kwanza iwe ya waandishi, maana kosa la kwanza lilikuwa la neno. Jina "njia ya panya" wabakie nalo walanguzi. Hii nyingine iitwe mapito ya watu, iandikwe hivyo katika daftari la kijiji, na ionyeshwe kwa dereva wa greda kabla hajateremsha kisu chake.