Chupa ya Bordeaux: mzazi atazame mwaka kabla ya jina

Wazazi wanatimiza miaka 25 ya ndoa. Watoto wamechanga, na mmoja ametumwa dukani kutafuta mvinyo mwekundu wa Bordeaux, kwa sababu mzee aliwahi kuuonja akausifia. Kwenye rafu anakuta chupa mbili zinazofanana, lakini moja bei yake ni mara tano ya nyingine. Wengi wakifika hapo huchukua ya ghali kwa kuogopa aibu, kisha pengo linaonekana mwisho wa mwezi kwenye ada au kodi ya nyumba.

Wanaoujua mvinyo huanza kwa kusoma mwaka.

Mwaka una maana gani?

Mwaka ulioandikwa kwenye lebo ni ule zabibu zilipovunwa. Wakulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Bordeaux, iliyoko kusini magharibi mwa Ufaransa, huvuna mara moja tu, na zabibu nyekundu nyingi hukatwa Septemba na Oktoba. Hali ya hewa ikiharibika, mkulima husubiri hadi mwaka unaofuata.

Mwaka 2013 ulikuwa na baridi na mvua, zabibu zikapata shida kuiva. Aprili 2017 jalidi iliunguza machipukizi katika mashamba mengi. Lakini 2005, 2009, 2010, 2015 na 2016 huhesabiwa kuwa miaka bora. Mwaka 2016 mvua zilinyesha kwa wingi mwanzoni, ardhi ikashiba maji, kisha kiangazi kikavu kikaivisha zabibu taratibu. Miaka ya karibuni inayosifiwa ni 2018, 2019, 2020 na 2022.

Unafuu uko hapo. Mwaka ukiwa mbaya, shamba kubwa lina fedha za kuchambua zabibu na kutupa zisizofaa. Mkulima mdogo hana uwezo huo. Mwaka ukiwa mzuri, jua humwivishia naye, ila bei yake haipandi kama ya wenye majina.

Majina ya kutafuta

Bei za majina makubwa zina historia ndefu. Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Paris yaliyoitishwa na Napoleon III, mashamba yalipangwa kwa madaraja kufuata bei za wakati huo. Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion yaliwekwa daraja la kwanza. Mouton lilipandishwa mwaka 1973. Hadi leo orodha hiyo inachangia kupandisha bei.

Familia inaweza kuyapita majina hayo na kutafuta kwenye lebo maneno kama Bordeaux Supérieur, Côtes de Bourg, Blaye Côtes de Bordeaux, Castillon Côtes de Bordeaux au Fronsac. Mvinyo wa maeneo hayo mara nyingi una zabibu nyingi za Merlot, hivyo ni laini na huwahi kuwa tayari kunyweka. Anayependa mkali kidogo atafute Cru Bourgeois kutoka Médoc, ambako Cabernet Sauvignon hutumika zaidi.

Maneno Grand Vin de Bordeaux yasimtishe mtu, kwani si daraja la ubora. Mis en bouteille au château yanaeleza tu kwamba mvinyo ulitiwa kwenye chupa shambani kwenyewe.

Ukongwe nao una mipaka. Mvinyo wa bei nafuu haukutengenezwa ili ukae miaka 20, hivyo chupa rahisi ya 2005 huenda imeshapita wakati wake. Joto pia huuharibu haraka. Chupa iliyosimama juani dirishani mwa duka, yenye kizibo kilichosukumwa juu au kinachovuja, iachwe hata kama mwaka wake ni mzuri.

Mwaka mzuri hauondoi pombe

Chupa ya mililita 750 yenye kilevi asilimia 14 ina takriban gramu 83 za pombe halisi, iwe ya bei kubwa au ndogo. Miaka ya jua kali huongeza sukari kwenye zabibu, na sukari hiyo ndiyo hugeuka kilevi. Kwa hiyo mwaka unaosifiwa unaweza kuwa na mvinyo mkali zaidi. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Bado zipo nyumba ambako mama mjamzito au aliyetoka kujifungua hupewa mvinyo mwekundu ili "uongeze damu". Rangi ndiyo inayodanganya. Mvinyo hauna madini chuma ya kutosha kutibu upungufu wa damu, na baadhi ya viambata vyake hupunguza ufyonzwaji wa madini hayo kutoka kwenye chakula. Pombe nayo humfikia mtoto aliye tumboni. Mama huyo anahitaji kupimwa damu kliniki na kupewa vidonge vya madini chuma na foliki asidi. Mzee anayetumia dawa za presha au kisukari naye amuulize daktari wake kabla ya sherehe.

Chupa moja ikigawanywa kwa watu wazima watano, kila mmoja hupata mililita 150. Kiasi hicho kinatosha kuwapongeza wazazi. Wajukuu na mama wajawazito wapewe juisi, na kizibo kisifunguliwe kabla chakula hakijaandaliwa mezani.