Afya ya Nyumbani: Makovu ya Chunusi, na Namna ya Kuyatambua

Mama mmoja wa upande wa Butiama ametuletea swali kwa mkono wa mwalimu wa Bunda, nasi tumeona vema kulijibu mbele ya wote, maana twajua nyumba nyingi zina swali lilo hilo. Binti yake chunusi zilimsumbua miaka mitatu, na sasa uso umebaki na alama. Ameacha kwenda kwaya. Akitumwa sokoni hujitanda kanga hadi karibu na macho, na juzi mama ameona chini ya mto wake kopo la mkorogo. Auliza: je, makovu haya yana dawa?

Kwanza hatuna budi kukiri kosa letu. Miaka iliyopita, katika ukurasa huu huu, tulishauri watu wapake maji ya ndimu juu ya alama za chunusi. Tulikosa. Ndimu ikikutana na jua juu ya ngozi yaweza kuiunguza, na palipoungua hubaki baka jeusi kuliko lile la kwanza. Aliyefuata shauri letu twamwomba radhi, wala asirudie.

Basi tuje kwenye jambo lenyewe. Watu huita kila alama kovu, ndipo hununua dawa isiyo yake. Mwenye alama na anawe uso, afumbe macho, apitishe ncha ya kidole taratibu juu ya shavu. Ikiwa jicho laona weusi lakini kidole hakihisi kitu, hilo si kovu, ni baka tu. Chunusi ilipowaka, ngozi ilimwaga rangi yake pale, kama wino udondokao juu ya karatasi, karatasi haikupasuka. Baka la namna hii hufifia lenyewe, ila polepole: miezi kadhaa, mara nyingine mwaka na zaidi. Jua ndilo liliamshalo kila siku, na jua la Musoma wavuvi wanalijua, hupiga kutoka juu na hupiga tena kutoka majini. Kofia pana, kivuli, na mafuta ya kukinga jua kwa aliye na uwezo, hizo ndizo dawa za kwanza. Tabibu aweza kuongeza adapalini, ya kupakwa kidogo wakati wa usiku, ambayo huzuia na chunusi mpya. Lakini mwanamke mwenye mimba asiitumie.

Ikiwa kidole chatumbukia, hapo pana kovu la kweli. Asimame kando ya dirisha, nuru ije ubavuni, naye ataona mojawapo ya namna tatu. Kuna vitundu vyembamba vyenye kina, kana kwamba ngozi imechomwa kwa shazia ya kushonea magunia. Kuna vishimo vipana vyenye kingo zilizosimama, kama msingi wa nyumba uliochimbwa. Na kuna namna isiyo na kingo: uso hupanda na kushuka kama ziwa siku ya upepo mdogo. Hii ya mwisho hutambulika upesi, maana ukiivuta ngozi kwa vidole viwili hutoweka, ukiiachia hurudi. Sababu yake ni nyuzi zilizo chini ya ngozi, ziivutazo ndani.

Hakuna mafuta ya dukani yajazayo mashimo hayo, hata yakiuzwa kwa fedha gani. Kitundu cha shazia daktari hukitia tone la asidi kali ndani yake tu, au hukikata na kukishona. Kishimo kipana kisicho na kina sana huchomwachomwa kwa sindano ndogo ndogo, ili ngozi ijijenge upya. Penye mawimbi, zile nyuzi hukatwa kwa sindano ipitayo chini ya ngozi. Kazi hizi ni za daktari wa ngozi, si za saluni. Tena hurudiwa mara kadhaa, na kovu hupungua lisiishe kabisa. Miali ya leza nayo hutumika, lakini juu ya ngozi nyeusi yaweza kuacha mabaka mapya isipokuwa mikononi mwa mjuzi. Wala lolote katika haya halifai kuanzwa chunusi zingali zinawaka.

Ikiwa kidole chapanda, yaani kovu limevimba, hasa penye taya, kifua au mabega, tafadhali wembe usikaribie. Lile livukalo mpaka wa kidonda cha kwanza, likiwasha na kukua, huitwa keloidi. Likikatwa tu, mara nyingi hurudi kubwa kuliko kwanza. Dawa yake huchomwa kwa sindano ndani ya kovu lenyewe, mara nyingi, kwa saburi.

Haya yote huanzia zahanati, kisha hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere pale Musoma, na ikihitajika barua ya kwenda Bugando, Mwanza. Huko Moshi, penye hospitali ya KCMC, kuna chuo cha magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, kifundishacho matabibu wa nchi nyingi za Afrika.

Na mkorogo je? Mengi ya makopo hayo yana haidrokwinoni, au steroidi kali, au zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa Buhemba hukamatishia dhahabu. Zebaki huharibu figo, humfikia mtoto tumboni, na hushika taulo na mikono ya nyumba nzima. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba na huzaa chunusi mpya, hata mtu akapaka zaidi. Serikali imekataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu mwaka 2019 kazi ya kuvikagua imo mikononi mwa TBS. Hata hivyo vingali vikipenya minadani.

Walimu nao tuna neno nao. Wako wasemao mbele ya darasa kwamba chunusi ni dalili ya tamaa, au ya uchafu. Ni uongo. Ni mafuta ya ngozi yazidiyo mwili ukuapo, yakaziba vinyweleo. Kijana aliyechekwa hivyo ndiye ajikamuaye usiku mbele ya kioo, na kujikamua ndiko kuzidishako makovu.

Kwa mama yetu wa Butiama, jibu ni hili. Mwalimu ametuandikia kwamba alama nyingi za binti hazigusiki kwa kidole, ila vitundu vichache penye shavu la kushoto. Basi sehemu kubwa ni mabaka, nayo yatafifia. Vitundu na vingoje mpaka chunusi zimetulia kabisa. Mkorogo usipakwe tena, lakini ikiwa ameutumia kwa miezi mingi uso waweza kuwaka mara auachapo, kwa hiyo aonane na tabibu juma hili hili. Kopo lenyewe lisitupwe chooni wala ziwani. Alifunge vema, aende nalo zahanati, tabibu asome kilichoandikwa.