Vita Visigeuzwe Kichaka cha Kalamu Mvivu

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, vyombo vingi vya habari vya Afrika Mashariki vimepata kichaka cha kujifichia: chapati ikipungua upana, nauli ikipanda, petroli ikiadimika, sababu huandikwa kwa neno moja, vita, kisha kalamu huwekwa chini. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na hilo halina mbishi. Lakini nyasi nazo zina haki ya kuambiwa zimekanyagwa na mguu upi.

Ni kweli kwamba nafaka ya Ukraine ilikwama katika bandari za Bahari Nyeusi, hata mapatano ya Istanbul ya Julai 2022 yakaifungulia njia, na meli ya Razoni ikang'oa nanga Odesa tarehe 1 Agosti ikiwa na shehena ya mahindi. Waandishi walioifuata habari hiyo mpaka kwenye vinu vya unga wanastahili shukrani. Hata hivyo, foleni za magari katika vituo vya mafuta vya Kenya mnamo Aprili 2022 hazikuletwa na kombora. Chanzo kikubwa kilikuwa serikali kuchelewa kuyalipa makampuni ya mafuta ruzuku, yaani fedha za kumpunguzia mnunuzi makali ya bei.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nchini Tanzania bei kikomo, yaani kiwango ambacho muuzaji wa mafuta haruhusiwi kukivuka, hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ndani yake mna bei ya soko la dunia, gharama za meli, kodi na tozo. Gazeti lililotangaza Mei 2022 kwamba lita ya petroli Dar es Salaam imefika shilingi 3,148, lisieleze shilingi hizo zinakwenda wapi, lilimuuzia msomaji debe tupu. Mwenyezi Mungu ameamuru vipimo vitimizwe, na habari nayo ni kipimo. Anayeipunja ni ndugu wa muuza mchele anayechezea mizani.

Tena, kuna hao waandikao "vita ya Ukraine", kana kwamba "vita vya" imepigwa marufuku. Aliyeshindwa kupatanisha maneno mawili yanayokaa jirani atapatanishaje bei ya unga Dar es Salaam na chanzo chake cha Odesa?

Waandishi hawa hawakukosa akili wala elimu. Walichokosa ni kuinama. Mama muuza maandazi hanunui gazeti ili aambiwe kwamba unga umepanda, kwa maana alilijua hilo dukani alfajiri. Hununua ajue nani kaupandisha.