KITANDA CHA MGENI NA MSHAHARA WA MTANDIKAJI



Malalamiko juu ya nyumba za kulala wageni katika miji ya Migori na Homa Bay yamekuwa mengi, nasi tumeona haifai kuyanyamazia. Walalamikaji ni watu wetu wenyewe. Ni madereva na utingo wa malori yanayopita barabara kuu kutoka Kisii kwenda Isebania mpakani. Ni walimu waitwao makao makuu ya kaunti kwa shauri la kazi. Ni wachuuzi wa omena na mbuta, na vibarua wanaotafuta riziki katika miwa ya Awendo au katika mashimo ya dhahabu ya Nyatike. Tena ni wajumbe wa matawi yetu waendao mikutanoni. Hao wote hawalali katika hoteli zenye bustani mbele ya ziwa. Hulala pale ambapo posho ya safari yaweza kufika.

Haya ndiyo wanayotueleza. Mmoja alilala Migori karibu na stendi ya magari. Aliwasha taa usiku akaona kunguni wanapanda ukutani kwa mstari kama siafu. Mwingine alipewa shuka ambayo bado ilikuwa na joto la mtu aliyeondoka. Wa tatu alilala Homa Bay, akafungua dirisha akaliona ziwa lote limetandazwa mbele yake, lakini alipoomba maji ya kuoga alipewa nusu ndoo, akaambiwa kuwa ndiyo fungu lake mpaka kesho. Chandarua chake kilikuwa na tundu la kupita kuku, na hapana mtu asiyejua kuwa pwani ya ziwa letu ni mahali pa malaria kali kupita sehemu nyingi za Kenya. Wa nne aligusa bomba la maji moto likampiga umeme mpaka begani. Wa tano alitaka kutoka alfajiri kuwahi gari, akakuta mlango wa chini umefungwa kwa kufuli kwa nje, na mwenye ufunguo amekwenda kwake kulala. Alingoja saa nzima. Jiulizeni, ndugu, kama ungalikuwa ni moto wangalipona wangapi?

Malalamiko hayo ni ya haki. Mtu aliyelipa fedha yake hakuomba sadaka. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa kila mnunuzi haki ya kupata kitu au huduma yenye ubora unaostahili, na haki ya kulindwa afya yake na usalama wake. Haikusema kwamba haki hiyo ni ya mwenye fedha nyingi tu. Na miji hii si midogo tena. Homa Bay ulipokea sherehe za taifa za Madaraka Juni 1, 2025, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo ukapokea mkutano mkuu wa kaunti zote. Mji unaokaribisha nchi nzima hauwezi kusema kwamba haujui kutandika kitanda.

Lakini leo hatukusudii kuwasifu wageni tu. Twataka kusema juu ya mtu anayebeba lawama.

Mgeni aliyelala vibaya huamka na hasira, na mtu wa kwanza kukutana naye ni yule mama mwenye fagio. Basi humfokea yeye. Mwanachama mmoja alituletea habari kwa majivuno kwamba alipiga kelele mapokezini mpaka mtandikaji akafukuzwa asubuhi ile ile. Hatuwezi kumpongeza. Tuliuliza habari zaidi tukaambiwa hivi: yule mama alikuwa amefanya kazi pale miezi 14, akilipwa kwa siku, bila barua yoyote mkononi. Alipewa fedha ya siku ile, akaenda zake. Na usiku ule chumba kile kilikodishwa tena, na godoro lile lile ndani yake. Mama alifukuzwa, kunguni wakabaki.

Ndugu, tazameni kazi yenyewe ilivyo. Nyumba ina vyumba 20, na jozi za shuka 22. Mtandikaji ni mmoja. Mvua ikinyesha siku mbili, shuka zitakauka wapi? Sabuni hupimwa kwa kijiko. Maji hununuliwa kwa mtungi, na mwenye nyumba huhesabu mitungi. Mtandikaji huanza kabla ya jua kuchomoza, na hawezi kuondoka mpaka mgeni wa mwisho apate chumba. Mgeni akiiba taulo, bei yake hukatwa katika mshahara wa mama huyo. Hayo yote mgeni hayaoni. Yeye aona shuka yenye madoa, naye hudhani kwamba ni uvivu.

Chukueni shauri la kunguni peke yake. Kunguni hakai sakafuni angoje fagio. Hujificha katika mishono ya godoro, katika nyufa za kitanda na nyuma ya ukuta wa mbao, na aweza kukaa miezi bila kula. Dawa ya kupuliza mara moja huua wale wanaotembea na kuacha mayai, nayo mayai huanguliwa katika muda wa juma moja au mawili. Kwa hiyo yapasa kurudia dawa, kuchemsha nguo zote za kitanda, kuziba nyufa, na kutibu vyumba vyote vinavyopakana kwa siku moja, la sivyo wahama chumba cha 4 kwenda chumba cha 5. Hiyo ni kazi ya kufunga vyumba siku kadha bila kupokea wageni. Ni nani mwenye amri ya kufunga vyumba? Ni mama mwenye fagio, au ni tajiri mwenye nyumba?

Matajiri watajibu, nasi twalijua jibu lao: bei yetu ni ndogo, tutapata wapi fedha ya magodoro mapya? Tena wengine wao si matajiri wakubwa. Ni watu waliostaafu, wakajenga vyumba 10 kwa kiinua mgongo chao na kwa mkopo wa benki. Jibu hilo hatulidharau. Lakini twawauliza mambo matatu. Kwanza, chokaa, jua na sabuni vina bei gani? Tumeona nyumba za bei ndogo kabisa ambazo sakafu yake ya saruji yang'aa na chandarua chake kimeshonwa. Umaskini si uchafu. Pili, kufuli ya mlango huiachi kwa nje kwa sababu ya umaskini. Huiacha kwa uzembe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakataza kuufunga mlango wa kutokea hata usiweze kufunguliwa upesi kwa ndani wakati watu wa kazi wamo. Tatu, hiyo bei ndogo ni nani anayeilipa? Ikiwa chumba kimekuwa rahisi kwa sababu mtandikaji halipwi kima cha sheria, basi mgeni hakupunguziwa na mwenye nyumba. Amepunguziwa na mama yule, bila yeye kuulizwa.

Na hapa ndipo shauri lilipo. Dereva hulala katika nyumba mbovu kwa sababu tajiri wake humpa posho ndogo ya kulala. Mwenye nyumba hushindania dereva huyo kwa kupunguza bei, na ili apunguze bei hupunguza mshahara. Hivyo mfanya kazi mmoja analala juu ya jasho la mfanya kazi mwingine, na asubuhi wanagombana wao kwa wao, huku matajiri wawili hawakuamka bado.

Wafanya kazi wa nyumba hizi na wajue sheria yao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kuwa mfanya kazi wa mshahara wa mwezi, hata kama tajiri aendelea kumwita kibarua. Hana budi kupata siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Akitimiza miezi 12 apata likizo ya siku 21 za kazi kwa malipo. Hafukuzwi kwa kosa kabla hajaelezwa kosa hilo kwa lugha aijuayo na kusikilizwa, akiwa pamoja na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama. Na habari ya kukatwa mshahara: tajiri aweza kukata kwa hasara iliyofanywa na mfanya kazi mwenyewe kwa makusudi. Taulo iliyoibwa na mgeni si kosa la mtandikaji, na kumkata ni kumwonea.

Sehemu hizi zetu zimewahi kutoa mtu aliyeyajua mambo haya kwa pande zote mbili. Tom Mboya, ambaye jamaa zake ni wa kisiwa cha Rusinga na ambaye amezikwa huko, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo, alianza kazi kama bwana afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Kazi yake ilikuwa kukagua majengo na vyakula. Ndipo alipoona kwamba mkaguzi mwenyewe naye ni mfanya kazi anayeonewa, akawakusanya wenzake wa halmashauri katika chama, na mwaka 1953 akachaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi la Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 23 hivi. Aliuawa Julai 5, 1969. Twamtaja kwa sababu alionyesha kwa maisha yake kwamba usafi wa mji na haki ya mfanya kazi ni shauri moja.

Mabwana na mabibi afya wa leo ni watumishi wa kaunti, maana tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013 kazi ya afya ya miji na leseni za nyumba zinazouza chakula imewekwa mikononi mwao. Twawaambia ndugu zetu hao: mwaka 2015, na tena mwaka 2025, kipindupindu kiliingia Migori. Ugonjwa huo hupita kwa maji machafu na vyoo vibovu, nao haubagui chumba cha bei gani. Cheti kilichotiwa sahihi juu ya kikombe cha chai, bila kukifungua choo, chaweza kuua.

Basi yatupasa kufanya nini?

Kwanza, mwanachama aliyelala vibaya asimfokee mtandikaji. Amtake mwenye nyumba au meneja wake, aandike shauri lake kwa karatasi, nambari ya chumba na tarehe, na aitunze risiti. Asipojibiwa, apeleke nakala kwa ofisi ya afya ya kaunti.

Pili, wafanya kazi wa nyumba za wageni wajiunge na chama. Chama cha KUDHEIHA huandikisha watu wa kazi za hoteli. Msiseme kwamba sisi ni wachache. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yataka wingi wa kawaida tu ili chama kitambuliwe: nyumba yenye wafanya kazi 5 wanaostahili kuingia chamani, 3 wakijiandikisha wametosha.

Tatu, makatibu wa matawi, mnapokaa kufanya mapatano na matajiri, msiisahau posho ya kulala. Isiachwe ikae miaka kumi bila kuguswa huku mshahara ukiongezwa. Posho inayotosha kitanda safi ni ulinzi wa dereva, na pia ni mshahara wa mtandikaji.

Nne, twasema na wanaume wa chama hiki bila kuficha. Wako wanachama ambao wakifika katika nyumba hizi husahau heshima. Humwita msichana wa kazi chumbani kwa visingizio, wakidhani kwamba bei ya chumba yamhusu na yeye. Mtandikaji hakukodishwa pamoja na kitanda. Ni mfanya kazi mwenzako, na mwenye kumsumbua hawezi kusimama katika mkutano wetu akadai haki.

Tano, taulo na shuka ni za nyumba. Mwenye kuzichukua ajue sasa ni mshahara wa nani anaoutia mkobani.

Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika nyumba hizi, mgeni anakuja na mwenyeji wa kweli, yule anayetandika, anayefua na anayekesha mlangoni, haponi hata kidogo. Hali hiyo haitageuzwa na dereva peke yake, wala na mtandikaji peke yake, wala na bwana afya peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kunguni ni wagumu kupita chawa. Twawaomba makatibu wote wa Migori na Homa Bay walitie shauri hili katika mkutano ujao wa tawi, na watuletee majibu kwa maandishi.

Umoja ndio nguvu yetu.