Breki Haimsikilizi Konda



Kanuni za mwendo alizozichapisha Mwingereza Isaac Newton mwaka 1687 wengi wetu tuliziacha darasani pamoja na chaki. Lakini apandaye daladala kutoka mjini kwenda Nungwi au Jambiani huzifanyia mazoezi kila safari, apende asipende.

Yatazameni yale magari yenye mabenchi mawili yanayotazamana. Dereva akikanyaga breki ghafla, abiria wote huteleza kuelekea kwake, na mzee aliyeketi nyuma hujikuta amembana mama mwenye kapu la samaki. Hakuna aliyemsukuma. Gari limezuiwa na breki, ilhali miili yao ingali na mwendo wake wa awali, nayo itaendelea nao mpaka kitu kiizuie: bomba la kushikia, bega la jirani au, Mungu apishe mbali, kioo cha mbele. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza.

Ya pili anaijua zaidi hamali wa Darajani. Mkokoteni mtupu huuondoa kwa mkono mmoja. Ukijaa magunia ya mchele, hutumia mwili mzima kuuondoa, na mwili mzima tena kuusimamisha. Basi konda anaposema, "Sogeeni, bado wawili," anaiongezea breki ile ile kazi ambayo haikuundiwa. Na mwendo ni mbaya zaidi: gari liendalo kilomita 80 kwa saa, tangu breki ikamate, huhitaji masafa mara nne ya lile liendalo 40 ili lisimame, si mara mbili kama tudhanivyo.

(Ya tatu waulizeni vijana wanaochupa majini Forodhani. Arukaye kutoka mtumbwini huurudisha mtumbwi nyuma.)

Kwa hiyo siafiki desturi yetu ya kumlaumu dereva peke yake baada ya ajali. Sisi tuliokubali kubanana, kisha tukamhimiza akimbize, tulichangia uzito na mwendo pia. Visiwa hivi vinajua gharama ya kunyamaza: MV Spice Islander I, iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, iling'oa nanga ikiwa na watu wengi kupita kiwango chake.

Abiria mmoja akisema, "Gari limejaa," wenzake wamuunge mkono badala ya kumcheka. Anayeogopa kuchelewa kazini na aondoke nyumbani nusu saa mapema.