Mukono uliokatwa bado unauma

Wale waliokatwa mukono ao muguu katika vita vya Kivu wanatuambia jambo moja: kiungo hakipo tena, lakini kinauma, zaidi usiku. Siye tunawacheka, ao tunasema ni ulozi. Hapana! Ubongo ungali unatuma amri kwa mukono usiokuwepo.

Kule Uswidi, watafiti wa chuo kikuu cha Chalmers walibandika elektrodi juu ya misuli iliyobaki. Mugonjwa akijaribu kufunga ngumi, misuli inatoa umeme kidogo, kompyuta inausoma, naye anajiona kwenye ekrani akiwa na mukono unaofunga ngumi kweli. Mwaka 2016 walitangaza matokeo: wagonjwa 14 walioshindwa na dawa zote, vikao 12, na maumivu yakapungua, kwa vipimo vingine karibu nusu.

Mashine ile haitafika kwetu kesho, umeme wenyewe unakatika. Lakini kioo je? Kikisimamishwa kati ya mikono, ule muzima unaonekana kama uliopotea umerudi, na wengine wanapata nafuu. Basi tunauliza wakubwa wa afya: mutu akishapewa muguu wa bandia, nani anamuuliza kama bado anaumia?